Shotigani ya Aina Gani kwa Mkulima Mwenye Bajeti Ndogo? Soma Kabla Hujatoa Hela

 

Mahindi yakianza kubeba huku Dindira, simu yangu huwa haipumziki. Safari hii kuna swali moja limejirudia, nikaona niliandikie kabisa ili lisaidie na wengine. Kijana mmoja anayelima iliki na mahindi alinifuata ofisini akaniambia hivi: "Bwana shamba, nguruwe pori wamenimalizia robo eka usiku mmoja. Nina hela kidogo ya iliki nimeitunza. Nimeona video za Wamarekani wanawinda kulungu kwa shotigani za bei poa tu. Sasa mimi nichukue ipi? Ya kukunja, ya pampu, au ile inayojipakia yenyewe? Na nikibahatika kitoweo cha pongo si mbaya."

Swali zuri, maana kauliza kabla ya kutoa hela. Wengi huja kuniuliza wakiwa wameshaingia mkenge.

Jibu fupi kwanza

Kama umeshatimiza masharti ya sheria na mfuko haujatuna, chukua ya mtutu mmoja ya kukunja, namba 12. Ukiweza kuongeza hela, chukua ya mitutu miwili. Pampu subiri mpaka umefundishwa vizuri. Inayojipakia yenyewe achana nayo. Hilo ndilo jibu la aina ya bunduki. Ila kuna jibu jingine la shamba lako, na lenyewe ni tofauti kidogo. Tutafika.

Kulungu wa kwenye video si wa kwetu

Yule mnyama mwenye pembe zenye matawi mnayemwona kwenye video hayupo porini Tanzania. Afrika nzima jamii yake ya asili imebaki kaskazini tu, kule Algeria na Tunisia. Sisi tuna pongo, funo, nsya, paa, digidigi. Kuna pia minde, ambaye duniani kote anapatikana Tanzania peke yake, kwenye misitu ya milimani, na yuko hatarini kutoweka. Kwa hiyo ukisikia "kulungu" kwenye video, usidhani ushauri wao unahamia Usambara kama ulivyo.

Halafu kuna jambo watu hawalijui. Wamarekani wengi hawakuchagua shotigani kwa sababu ndiyo bora kwa kulungu. Majimbo kama Illinois na Ohio kwa miaka mingi yalizuia raifo za kawaida kwenye uwindaji huo, kwa sababu ardhi yao ni tambarare, nyumba ziko karibu karibu, na risasi ya raifo inasafiri mbali sana. Shotigani ikaruhusiwa kwa kuwa nguvu yake inakwisha mapema. Yaani walikuwa wanawalinda majirani. Shika hilo neno, majirani, maana huku kwetu shamba la mwenzako linaanzia pale mgomba wako wa mwisho ulipo.

Sheria kabla ya duka

Bunduki Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa ufupi: uwe umefikisha miaka 25, uwe na akili timamu, uwe na sababu ya kueleweka, na upate mafunzo ya kuitumia. Maombi yanaanzia kwenye serikali ya kijiji, yanapanda kata, wilaya mpaka mkoa, na Jeshi la Polisi ndilo linalosimamia leseni. Kama una miaka 22, ndugu yangu, makala hii isome uihifadhi. Hakuna njia ya mkato.

Na usiazime. Leseni ni ya mtu na bunduki yake. Jirani akikupa yake "ulindie usiku mmoja tu", mmeingia matatani wote wawili. Gobore la kushindilia ndiyo usiliguse kabisa. Mwaka 2022, Septemba na Oktoba, Serikali ilitoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu, na magobore yalikuwa miongoni mwa zilizosalimishwa. Ukiacha sheria, gobore ni bomba lililochomelewa na mtu asiyejua chuma hicho kinahimili nguvu kiasi gani. Siku likichoka linapasuka nyuma, uso wako ulipo.

Leseni ya silaha pia si leseni ya kuwinda. Hizo ni mbili. Kuwinda kunasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na wahusika ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, na afisa wanyamapori wa wilaya. Wao ndio watakaokwambia mnyama gani, eneo gani, msimu gani na silaha ya aina gani. Msitu wa hifadhi ulio juu ya shamba lako si eneo la kuwinda hata kama pongo unamwona kwa macho kila asubuhi.

Aina nne za shotigani

Hapa tunaongelea jinsi bunduki inavyopakiwa na kufungwa. Marisau yakishatoka mdomoni hayajui yametoka kwenye bunduki ya bei gani. Tofauti iko kwenye mikono yako.

*1. Mtutu mmoja ya kukunja.* Inakunjika kwenye bawaba kama mlango. Unaweka risasi moja, unafunga, unapiga, unafungua, unatoa ganda. Vipande vyake ni vichache, kwa hiyo ni rahisi kutengenezwa, rahisi kutunza, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini dukani. Uzuri wake mkubwa ni huu: ukiikunja, wewe na kila aliye karibu mnaona kama ina kitu au haina. Ubaya wake ni nyepesi, inakupiga bega kwelikweli, na una nafasi moja tu. Mimi hiyo nafasi moja naihesabu kama faida. Inakulazimisha usogee na uhakikishe kabla hujafyatua.

Kuna ndugu yake wa zamani ambaye walinzi wengi wanamwita "Grina", kutokana na W. W. Greener, mtengenezaji wa Birmingham, Uingereza. Hii haikunjiki, ina mkono wa chini unaofungua chemba. Ni ngumu kama jembe la zamani. Lakini angalia sana: zipo Greener za polisi, ambazo awali zilitengenezwa kwa ajili ya Misri, zenye chemba ya risasi maalumu kwa makusudi, ili mwizi akiiba asipate cha kupakia. Ukiuziwa ya namna hiyo, wewe ndiye utakayekosa cha kupakia.

*2. Mitutu miwili.* Nayo inakunjika, mitutu ikiwa ubavuni au mmoja juu ya mwingine. Una risasi mbili, na upande mmoja ukiharibika mwingine mara nyingi unaendelea kufanya kazi. Unaona yote mawili ukiikunja. Tatizo ni bei: kuilinganisha mitutu miwili ipige mahali pamoja ni kazi ya fundi, na kazi hiyo unailipia. Ukiiona ya bei ya kutupa, jiulize fundi aliruka hatua gani.

*3. Pampu.* Unavuta mkono wa mbele nyuma, ganda linatoka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Si teknolojia mpya. John Browning aliibuni Winchester ya 1897, na wazo ni lile lile. Nyingi zinabeba risasi nne au tano kwenye bomba chini ya mtutu, na mara nyingi bei yake iko chini ya mitutu miwili nzuri. Ndiyo maana vijana wanaipenda. Shida yake ni kwamba risasi zimejificha. Kutazama hakutoshi. Lazima ufungue, uangalie chemba, uangalie na bomba, upapase kwa kidole. Na ukiwa na haraka ukavuta nusunusu, inakwama.

*4. Inayojipakia yenyewe.* Inatumia gesi au msukumo wa risasi kujipakia. Ni ghali, ina vipande vingi, inataka usafi kila mara, na nyingine zinachagua risasi kama mtoto anayechagua chakula. Kubwa zaidi, sheria yetu ya wanyamapori imeweka silaha za kujipakia zenyewe kwenye orodha ya zana haramu za kuwindia, pamoja na sumu, mitego, mashimo na taa za usiku. Kwa mkulima mwenye bajeti ndogo, hapo mjadala umefungwa.

Tundu kwenye bati

Sasa niwaambie kwa nini nasisitiza bunduki unayoweza kuiona ndani.

Nilikuwa likizo ya chuo, nimeenda kwa mjomba upande wa Handeni. Alikuwa na pampu, na leseni yake halali. Alfajiri moja nyani walikuwa wameingia kwenye mahindi, mjomba akapiga mbili hewani, wakatawanyika. Tukarudi nyumbani. Akaniambia, "Imeisha hiyo, iweke ndani." Mimi nikaamini. Nilipofika kwenye kibaraza cha jikoni, dada yangu yuko anachochea uji na mwanawe wa miaka minne amekaa kwenye kigoda. Nikataka kuonyesha kwamba najua. Nikainua mdomo wa bunduki juu, nikavuta pampu, nikasukuma, nikabonyeza kifyatuo "kuhakikisha".

Ikalia.

Hakuumia mtu. Bati lilitoboka juu ya jiko, uji ukamwagika, na yule mtoto hakulia kabisa, alinyamaza tu mpaka mchana. Mjomba alikuwa ameweka tatu, akahesabu mbili. Mimi sikuhesabu hata moja. Kosa lilikuwa langu: nilipokea bunduki kwa maneno badala ya kwa macho.

Mtoto yule sasa ni mama anayelima tangawizi, na mvua ikinyesha bado wanaweka sufuria chini ya lile tundu. Bati jipya wangeshanunua zamani. Mjomba ndiye aliyekataa libadilishwe.

Ile bunduki ingekuwa ya kukunja, ningeikunja mlangoni, ningeona. Ndiyo hoja yangu nzima ya kuchagua aina. Kwa mtu asiyeshika bunduki kila siku, na mkulima hashiki kila siku, nunua ile inayokuonyesha ukweli wake bila kuuliza maswali.

Risasi ndizo zinazokula hela

Namba 12 ndiyo ninayoshauri kwa sababu ndiyo iliyozoeleka kuliko nyingine, kwa hiyo risasi zake ni rahisi kupatikana. Namba 20 ni ndogo na haikupigi sana bega, ila ulizia kwanza risasi dukani. Na kamwe usichanganye namba hizo mfuko mmoja. Risasi ya namba 20 inateleza ndani ya mtutu wa 12, inakwama mbele. Ukidhani hujapakia ukaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mkononi.

Marisau madogo ni ya ndege. Kwa mnyama mkubwa yanajeruhi tu, akaenda kufia mbali kwa mateso, na nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari kwa anayekuja kulima kesho yake. Marisau makubwa, risasi ya kawaida ya namba 12 yenye chembe tisa za kama milimita 8.4 kila moja, ni ya karibu: ukipita mita 30 hivi yametawanyika na huna uhakika tena. Risasi nzima, yaani donge moja la risasi la gramu 28 hivi, linaweza kulenga mbali zaidi kidogo, ila likikosa linasafiri mamia ya mita. Kumbuka neno tuliloshika: majirani.

Njia ya kujua bunduki yako ni moja. Kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, mbele ya mkufunzi, weka karatasi kubwa hatua 15, kisha 25, kisha 35. Piga moja moja, hesabu chembe zilizoingia kwenye duara la sinia. Pale zinapoanza kukosekana ndipo mwisho wako, hata kama muuzaji alikuapia vinginevyo.

Ukinunua iliyotumika

Nunua kwa mwenye leseni na polisi wajue. Uhamisho wa umiliki usifanyike kilabuni. Kisha kagua haya:

- Ifungue, uchungulie mtutu kuelekea mwanga. Ukiona vishimo vya kutu, uvimbe au mpindo, rudisha.
- Ya kukunja: ifunge, kisha itikise. Bawaba ikicheza kama mlango wa choo cha zamani, imechoka.
- Soma urefu wa chemba ulioandikwa kwenye chuma. Nyingi ni milimita 70. Risasi ya milimita 76 usiiweke kwenye chemba ya 70, hata kama inaingia. Bunduki za zamani za Kiingereza zina chemba ya 65. Hizo zinahitaji risasi zake.
- Mtutu wenye michoro ya mawimbi kama mbao ni wa kizamani, wa enzi ya baruti nyeusi. Uache ukutani.
- Kitako kilichofungwa waya au kuchomelewa, shukuru, aga, ondoka.

Gawanya hela kabla ya kununua

Vijana wengi wanapanga bajeti ya bunduki kama wanavyopanga ya pampu ya maji: bei ya dukani, basi. Mimi nasema hivi: kama bunduki yenyewe imekula zaidi ya nusu ya hela yako, umenunua ghali. Nusu inayobaki ni ada za leseni, mafunzo, risasi za mazoezi, mafuta na brashi ya kusafishia, na kabati la chuma lenye kufuli lililofungwa ukutani. Risasi zikae mahali pengine, na kufuli yake. Bunduki chini ya godoro ni ya mtoto au ya mwizi, si yako.

Sasa, shamba lenyewe

Nilimwuliza yule kijana, "Nguruwe wanakuja saa ngapi?" Akasema usiku wa manane. Nikamwuliza, "Utawaonaje?" Akasema atanunua tochi kali. Hapo ndipo ilipo shida. Taa ya usiku ni njia haramu ya kuwinda, na hata isingekuwa haramu, macho mawili yanayong'aa kwenye mahindi yanaweza kuwa ya mbwa wa jirani, na nyuma yake jirani mwenyewe analinda la kwake.

Sheria inatambua mtu kumuua mnyama akilinda maisha au mali, lakini lazima utoe taarifa haraka, na mnyama huyo ni mali ya Serikali, si kitoweo. Na kama unafuga nguruwe, mzoga wa nguruwe pori usisogee bandani. Nguruwe pori wanabeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuumwa. Wako watakufa, na chanjo ya kukimbilia hakuna. Ukitamani nyamapori, tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori. Nunua kwa risiti.

Nilichomshauri afanye kwanza ni hiki. Afyeke mita kumi kati ya msitu na mahindi, maana nguruwe hapendi kuvuka uwazi. Safu za mpakani apande kitu ambacho nguruwe hakitaki, siyo mahindi na mihogo. Wakulima wa bonde lile wapange zamu za kulinda na madebe ya kupiga, wote wapande wiki moja ili mahindi yakomae pamoja na zamu ziwe chache. Na wapeleke barua moja ya pamoja kwa afisa wanyamapori kupitia kijiji, kuomba askari. Barua ya watu kumi na tano ina uzito.

Alinisikiliza, akakuna kichwa. Akasema, "Kwa hiyo bwana shamba, nisinunue?" Nikamwambia hapana, sijasema hivyo. Nimesema ukinunua, nunua ya mtutu mmoja ya kukunja, kihalali, na usiitegemee ikulindie mahindi. Ana miaka 24. Ameanza na kufyeka, na fomu za kijiji ataziulizia mwakani.

Kama una swali, pitia ofisi ya kata siku za kazi. Ukija na bunduki kunionyesha, ije imekunjwa, niione ndani kabla hujaniambia kwamba haina kitu.